Nyanya Anaongea Kama Mwalimu wa Shule: Nifanyeje?

"Nilikulia kwa nyanya, Mji wa Kale, Mombasa. Mama alikwenda kufanya kazi Muscat nikiwa na miaka minane, akaolewa huko, hakurudi tena kukaa nasi. Sasa nina miaka 41 na nimeanza kuandika simulizi ya miaka ile. Nikieleza nyumba, vichochoro na harufu ya jikoni, kalamu inakwenda. Watu wakianza kuongea, nakwama. Nilimsomea dada yangu mkubwa sura ya kwanza, akaniambia, 'Huyu si nyanya, huyu mwalimu wa shule.' Na kuna hili pia: maneno yenyewe siyakumbuki. Siku nyanya aliponipa habari ya mama, nakumbuka alikuwa akichagua mchele, na nakumbuka aliniambia, 'Usikae mlangoni,' kwa sababu kila jioni nilikuwa nikikaa pale kungoja. Mengine nimeyatunga. Nikiyatia ndani ya alama za mtajo, si uongo huo? Na Kimvita chake, lahaja ya Mombasa, nikiandike kama alivyokisema, au nikisanifishe ili watu wa Nairobi na Dar es Salaam wanielewe? Labda ikusaidie kujua kwamba siku zote aliniita 'weye', na 'mamangu' nikiwa mgonjwa tu. Kipande chenyewe ni hiki:

'Mjukuu wangu mpendwa, mama yako hatarudi nyumbani tena kwa sababu ameamua kuishi Muscat pamoja na mume wake mpya. Kuanzia leo mimi ndiye nitakayekulea,' nyanya alisema kwa huzuni.

'Kwa nini hatarudi, nyanya? Je, hanipendi?' niliuliza huku nikilia."

Dada, umeniuliza maswali matatu, na nyuma yake nasikia hofu moja: kwamba huyo utakayemwandika hatakuwa yeye. Nimehariri simulizi za maisha kwa miaka mingi, na hofu hii naiona kwa waandishi wanaopenda watu wao. Kwa hiyo tuianze kazi ukijua kwamba huna kasoro ya kipaji. Barua yako ina sauti ya nyanya tayari; ni kile kipande tu ndicho kisichokuwa nayo.

Nianze na uongo, maana hilo ndilo linalokunyima usingizi. Umejilaumu kwa kutokumbuka maneno, kana kwamba wenzako wanayakumbuka. Hawayakumbuki. Mwaka 1967 mtafiti Jacqueline Sachs aliwasikilizisha watu hadithi fupi, kisha akawarudia sentensi moja iliyokuwa ndani yake, mara ikiwa vilevile, mara imebadilishwa kidogo. Baada ya kupita silabi 80 tu, yaani chini ya nusu dakika, wasikilizaji walikuwa hawawezi tena kutambua kama mpangilio wa maneno umeguswa. Maana ikibadilika walishtuka mara moja. Maneno yakibadilika na maana ikabaki, hawakuona kitu. Ubongo hupokea kauli, hukamua maana, na maganda huyaacha yaende. Nawe unataka kukumbuka maneno ya miaka zaidi ya 30 iliyopita.

Kuna kisa kingine ninachokipenda kwa sababu kinaonyesha pande zote mbili. John Dean alikuwa mshauri wa sheria wa Rais Nixon wa Marekani. Mwezi Juni 1973, katika sakata la Watergate, la kuficha ukweli juu ya uvunjaji wa ofisi za chama pinzani, alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Baraza la Seneti, na akaeleza mazungumzo yake na rais kwa undani mkubwa hata watu wakamwona kama mashine ya kurekodi. Baadaye ikajulikana kwamba mazungumzo yale yalikuwa yamerekodiwa kweli. Mwanasaikolojia Ulric Neisser akalinganisha ushahidi na kanda, na mwaka 1981 akachapisha alichokiona: kwenye kikao kimoja muhimu, karibu hakuna neno lililokaa kama Dean alivyolieleza. Hata hivyo, juu ya jambo lenyewe, yaani nani alijua nini na nani alikuwa akificha nini, Dean alisema kweli.

Hapo ndipo simulizi ya maisha inaposimama. Msomaji mzima wa akili hadhani ulikuwa na kinasa sauti chini ya mkeka ukiwa na miaka minane. Anachokuamini nacho ni kwamba tukio lilikuwepo, kwamba waliosema ndio waliosema, na kwamba walichokusudia hukukigeuza. Ukilinda hayo, kuyajenga upya maneno si uongo. Uongo ni kumtia mtu kinywani ungamo ambalo hakuwahi kulitoa, kumpa radhi ambayo hakuomba, au kuandika kwa neno na nukta ugomvi uliotokea chumbani wakati wewe uko madrasa. Na uongo mdogo ulio rahisi kuufanya bila kujua: kujipa wewe mwenyewe, mtoto, hekima ya mtu wa miaka 41. Lile swali lako, "Je, hanipendi?", nina mashaka nalo. Uliuliza hivyo siku ile, au ndivyo unavyouliza sasa? Kama ni la sasa, liandike kama la sasa, nje ya alama za mtajo, kwa sauti yako ya leo. Litakuwa na nguvu zaidi.

Sasa kumbukumbu zenyewe hazifanani, na hili watu hawaliangalii. Kuna neno lililosemwa mara moja na likakwama. "Usikae mlangoni" ni la namna hiyo. Halikukwama bure, na usiliguse hata herufi. Kuna maneno yaliyosemwa mara moja yakapotea, na hayo ni mengi kuliko yote. Halafu kuna maneno yaliyosemwa kila siku kwa miaka kumi, na hayo unayo kamili bila kujua kwamba unayo. Nyanya alikuwa akikuamshaje? Muuza samaki alipopandisha bei, alisema nini? Akikataa jambo, alisema "Hata!", au "Aka!", au alinyamaza akaendelea na kazi? "Inshallah" yake ilikuwa ahadi, au ilikuwa namna ya kusema hapana bila kumvunja mtu moyo? Alikujibuje ukimwamkia shikamoo: "Marahaba" kamili, au kwa sauti ya puani bila kuinua uso? Chukua daftari, ujaze kurasa mbili tatu za maneno ya kila siku. Usitunge sentensi hata moja, kusanya tu. Hiyo ndiyo akiba yako. Siku ambayo maneno yake yamepotea utaijenga kwa akiba hiyo, kwa maneno ambayo una hakika yalikuwa kinywani mwake, hata kama huna hakika kwamba yalitoka saa ile.

Tuje kwa mwalimu wa shule. Dada yako ana sikio zuri, na chanzo cha anachokisikia kiko mbali kuliko kipaji chako. Mwaka 1928 wajumbe wa nchi zetu za Afrika Mashariki walikutana Mombasa, mji wa nyanya yako, wakaamua kwamba Kiswahili cha vitabu na shule kijengwe juu ya Kiunguja, lahaja ya Zanzibar. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kulisimamia hilo kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Sipingi faida yake; lugha hii ninayokuandikia ni tunda lake, na ndiyo inayotuwezesha mimi na wewe na msomaji wa Bukoba kuelewana. Lakini mtoto wa Mji wa Kale aliyeandika "ndia" badala ya "njia" kwenye insha alipigiwa mstari mwekundu. Baada ya miaka kadhaa ya mistari hiyo, mkono hujifunza kwamba kuandika ni kuacha kusema kama nyumbani. Ndiyo maana kila ukishika kalamu, nyanya anavaa sare ya shule. Ukimsimulia dada yako kisa kilekile kwa simu, nina hakika nyanya anaongea kama nyanya.

Kuna sababu ya pili, nayo ni nzito kuliko lahaja. Kipande chako hata ukikigeuza chote kiwe Kimvita safi, bado hakitakuwa mazungumzo. Tazama nyanya anavyosema: mama hatarudi, sababu ni hii, yuko mahali hapa, na mtu huyu, nami nitafanya hivi. Haongei na mtoto. Anampa msomaji taarifa. Watu wa nyumba moja hawaambiani wanachokijua wote. Hasemi "mama yako anayeishi Muscat" mtu ambaye jina la Muscat limetajwa nyumbani kwake kila siku. Na jambo zito, hasa kwetu, mara nyingi halisemwi likiwa limenyooka. Huzungukwa. Husemwa kwa chakula, kwa kazi ya mkono, kwa kubadilisha namna ya kumwita mtu.

Nitakuonyesha kwa kipande chako mwenyewe. Si kwamba ndivyo ilivyokuwa, maana sikuwepo. Nataka uone tu vitu ulivyonipa kwenye barua vikifanya kazi:

Nyanya alikuwa ameketi mkekani, uteo mapajani, akichagua mchele.

"Ushakula?"

"Bado."

"Mahamri yako jikoni."

Sikuondoka.

"Nyanya, mama aja lini?"

Akatoa kijiwe, akakitupa. Akatoa kingine.

"Kale kwanza, mamangu."

Nikajigusa paji la uso. Sikuwa na homa.

Jioni, nilipokwenda kukaa mahali pangu, sauti yake ikanifuata kutoka ndani: "Usikae mlangoni."

Angalia nini kimeondoka. Hakuna Muscat, hakuna mume mpya, hakuna kilio, hakuna "kwa huzuni". Msomaji amejua kwamba mama harudi kabla mtoto hajajua, na amejua kwa neno ulilolikumbuka kweli. Hakuna aliyejibu swali aliloulizwa, isipokuwa lile la chakula. Na lile "mamangu", uliloniambia kwamba lilikuwa la siku za ugonjwa tu, limesema ambacho zile sentensi mbili za nyanya zilishindwa kukisema. Habari ya ndoa ya Muscat unaweza kuieleza kwa sauti yako ya msimulizi, ukurasa wa mbele au wa nyuma. Haina haja ya kupita kinywani mwa nyanya.

Nikae kidogo hapa kwenye majina ya kuitana, kwa kuwa Kiswahili kimetupa utajiri ambao waandishi wengi wanaupita. Mwanamke mmoja ni Mama Fulani kwa jirani, shangazi kwa hawa, mwanangu kwa mzazi wake, bibiye kwa muuza duka, na jina lake tupu kwa mtu mmoja au wawili tu duniani. Nani amemwita nani nini, na siku gani akabadilisha, ni hadithi nzima. Vivyo hivyo salamu. Huna haja ya kuandika maamkizi yote, msomaji anayajua. Andika siku salamu ilipokwenda kombo: mkubwa alipotangulia kumsalimu mdogo, au shikamoo ilipokosa marahaba. Mtu wa Pwani akisoma hapo atajua moja kwa moja kwamba nyumba ina jambo.

Kuhusu "alisema kwa huzuni": kila unapohitaji kumwambia msomaji sauti ilikuwaje, rudi utazame maneno yenyewe, kwa kawaida yamepwaya. Na usione haya ya kurudia "akasema" na "akaniambia". Mfululizo wa "-ka-" ndio mdundo wa masimulizi yetu tangu kwa wazee, na sikio halichoki nao. Linachoka na "alifafanua", "alibainisha", "alisisitiza", ambayo ni maneno ya taarifa ya habari na hayana kazi jikoni kwa nyanya. Wanapoongea watu wawili tu, mara nyingi huhitaji hata "akasema". Aya mpya inatosha kuonyesha kwamba amesema mwingine.

Ulifundishwa shuleni usemi halisi na usemi wa taarifa, na bila shaka uliona ni zoezi la mtihani. Kwa mwandishi wa maisha yake, hiyo ndiyo zana ya uaminifu. Unapokuwa na maana lakini huna maneno, na akiba yako haikusaidii, toka nje ya alama za mtajo: "Nyanya akanieleza, siku ile na siku zilizofuata, kwamba Muscat si mbali, kwamba barua huchelewa." Hakuna atakayekudai neno. Kisha lugha ina daraja la katikati, na ni zuri mno: "ati", au "eti" kama wasemavyo wengine. "Shangazi akaja, ati mama kapata nyumba kubwa, ati tutaitwa wote." Umesikia? Maneno ni ya shangazi, mashaka ni ya msimulizi, na hujatumia alama ya mtajo hata moja. Kwa yale uliyoyasikia kwa watu bila kuwepo, au uliyoyasikia nyuma ya pazia nusunusu, silijui neno linalofaa kuliko hili.

Kimvita sasa. Una njia tatu, na kila moja ina gharama yake. Ukisanifisha kila kitu, wote wataelewa, na nyanya atakuwa amekwenda. Ukiandika kila sauti kama ilivyotoka, kwa ritifaa (alama hii: ’) kila neno la pili, utakuwa na rekodi ya thamani kwa wataalamu wa lahaja, lakini msomaji wa Nairobi atachoka ukurasa wa tatu, na hata wa Mombasa atasoma polepole kuliko anavyosikia. Mimi ningechagua njia ya kati: simulizi kwa Kiswahili sanifu, na kwa nyanya sauti chache ambazo utazishika mwanzo hadi mwisho bila kuyumba. "Ndoo" badala ya njoo, "ndia" badala ya njia, "mato" badala ya macho, pamoja na vitenzi vyake vifupi, "waenda", "aja", "wataka". Zikiwa thabiti, kufikia sura ya pili msomaji wa Dodoma atakuwa anamsikia.

Uangalie tu maneno yenye sura mbili. "Ndoo hapa" kwa msomaji wa bara ni chombo cha maji, na "wateka nini?", ambayo kwa Kimvita ni kumuuliza mtu anacheka nini, yeye ataona kuteka maji kisimani. Dawa yake si tafsiri kwenye mabano, maana mabano yanamtoa msomaji nyumbani kwa nyanya na kumpeleka kwenye kamusi. Dawa ni kitendo kinachofuata: "Ndoo hapa." Nikaenda. Kimeeleweka. Mara ya pili hahitaji msaada.

Usiifanye lahaja iwe pambo la mtu mmoja. Kama nyanya anasema Kimvita, na jirani anasema, na wewe ulisema. Yawezekana ulisema "ndia" nyumbani na "njia" darasani siku ileile. Hilo liandike; ni sehemu ya maisha yako na pengine ni sura nzima. Na mtu wa bara au mgeni akiingia kwenye simulizi, usiharibu tahajia yake ili kuonyesha lafudhi. Tahajia iliyoharibiwa humfanya mtu achekwe hata kama mwandishi hakukusudia. Onyesha ugeni wake kwa maneno anayochagua na kwa mpangilio wake.

Yapo ambayo siwezi kukusaidia kutoka huku niliko. Sauti haisahihishwi kwa macho. Tafuta mzee wa Mji wa Kale wa rika la nyanya, ukae naye, na akikuruhusu umrekodi kwa simu akisimulia lolote, hata bei za zamani. Usitafute maneno ya nyanya kwake. Sikiliza anavumilia kimya kwa muda gani kabla ya kujibu. Ukifika kwa mhariri, mchague anayeijua lugha ya Pwani, au mwambie mapema na kwa maandishi kwamba "ndia" si kosa la chapa. Ikiwa humo ndani kuna mtu aliye hai ambaye maneno unayompa yanamtuhumu jambo la aibu au la jinai, mpe wakili asome kabla ya kuchapisha. Kubadilisha jina hakutoshi pale majirani wote wanapojua ni nani. Mama yako pia, kama yu hai, fikiria mapema atayasoma akiwa wapi na nani. Na mlango ule, dada: ukiona kila ukiandika juu yake hulali, au unalia na hupati nafuu, iache sura hiyo, umwendee mshauri nasaha, ana kwa ana. Sura itakungoja.

Wengi huweka mwanzoni mwa kitabu aya fupi ya kusema kwamba mazungumzo yamejengwa upya kutokana na kumbukumbu. Weka, ni heshima kwa msomaji, ila usiitegemee ikufunike pale ulipobuni tukio zima.

Kwa sasa usiandike sura ya pili. Jaza lile daftari, ukiandike upya kipande cha mchele kwa maneno ya nyanya badala ya yangu, kisha umsomee dada yako kwa sauti. Akikatiza aseme, "Hapana, hakusema hivyo, alikuwa akisema...", nyamaza uandike. Ukimaliza, muulize yeye aliambiwa nini siku ile. Alikuwa mkubwa kuliko wewe, na huenda naye ana neno lake moja ambalo hajawahi kuulizwa.